Kurasa za Nyuma za Daftari la Madeni: Uhakiki wa Kumbukumbu Moja ya Usomaji

Katika toleo hili nilitakiwa kuhakiki riwaya. Badala yake naomba ruhusa ya wasomaji nihakiki daftari. Si daftari la mwandishi mashuhuri, wala halijachapishwa popote. Ni daftari la kawaida la shule, la kurasa 96, ambalo mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu aliliandika kati ya Januari na Desemba 2023, sehemu kubwa akiwa amekaa kibandani kwa mama yake katika soko la Owino hapa Kampala. Mwenyewe ameniruhusu nilieleze, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Kama wanafunzi wetu wajuavyo, kozi ya riwaya na tamthilia humtaka kila mmoja aweke kumbukumbu ya vitabu alivyosoma mwaka mzima. Wazo lenyewe ni jema, na aliyelianzisha alikusudia tujenge wasomaji, si watahiniwa tu. Lakini jinsi miaka ilivyopita, kumbukumbu hiyo ilipata kiunzi chake: muhtasari, dhamira, wahusika, mandhari, mbinu za kisanaa, ujumbe. Kwa kila kitabu visanduku sita, na kila kisanduku kina alama zake. Mwaka ule nilisahihisha madaftari zaidi ya arobaini. Kwa riwaya ya Kuli peke yake nilikutana na sentensi ileile juu ya unyonyaji wa mkoloni na mwamko wa wafanyakazi katika madaftari kumi na moja, hadi mkato ukiwa mahali palepale. Sentensi hiyo ninaijua ilikotoka. Imo katika mwongozo mmoja unaouzwa mjini, na mwongozo huo ni mwembamba kuliko riwaya yenyewe kwa mbali. Niliwapa wote kumi na mmoja alama nzuri. Ningewanyimaje? Visanduku vyote vilikuwa vimejazwa.

Binti huyu nilimpa 9 kati ya 20. Hakuwa na muhtasari hata mmoja. Baadhi ya vitabu hakuvimaliza, na akasema hivyo waziwazi. Aidha, daftari lenyewe lilikuwa chafu, na ukilifungua kwa mbele ulikuta majina ya watu na hesabu za fedha, mpaka uligeuze nyuma mbele ndipo usomaji uanze. Niliandika kwa kalamu nyekundu: "Fuata maelekezo." Kisha nikaliweka kabatini pamoja na mengine, likakaa huko wiki tatu.

Lililonitoa ofisini ni simu ya mwanafunzi mwenyewe. Aliniomba kwa unyenyekevu, "Mwalimu, samahani, naomba daftari. Si mimi ninayelihitaji, ni mama." Kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nikishuka mjini, nilisema nitalipeleka mwenyewe.

Kwa wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Nairobi niseme kidogo juu ya mahali penyewe. Jina rasmi la soko hili ni la Mtakatifu Balikuddembe, yaani Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa Uganda aliyeuawa mwaka 1885. Jina hilo utalikuta kwenye vibao na barua za serikali. Mdomoni mwa watu ni Owino. Liko ubavuni mwa uwanja wa Nakivubo, karibu na vituo vikubwa vya teksi, na linajulikana zaidi kwa nguo za mitumba, ambazo Kiganda huziita mivumba. Njia za ndani ni nyembamba kiasi kwamba mpagazi akija na robota kichwani, kila mtu hujibana ukutani au akapigwa kumbo. Wateja hutoka pia Kongo, Sudan Kusini na Kenya, na hapo ndipo utakaposikia Kiswahili kikifanya kazi ambayo darasani tunaieleza tu kwa nadharia: bei inatajwa kwa Kiganda, inapingwa kwa Kiswahili, inafungwa kwa vidole.

Mama yule alilipokea daftari kwa mikono miwili, akalifungua mbele, akapitisha kidole juu ya majina. Kisha akasema, "Ssebo, humu mna watu wangu." Kurasa za mbele zilikuwa za wale waliochukua nguo kwa mkopo. Tangu moto mkubwa wa Februari 2009, ulioteketeza sehemu kubwa ya soko, mama huyo haliachi daftari la madeni kibandani usiku. Hulibeba nyumbani kila jioni. Kwa wiki tatu alikuwa akiwadai watu kwa kumbukumbu ya kichwa tu, na wawili walikuwa wamekana. Binti yake alikuwa ameanza kuandika nyuma ya daftari hilo kwa sababu ndilo lililokuwapo siku aliyoanza kusoma, na baadaye hakuona sababu ya kuhama.

Niliona haya. Niliomba niketi nilisome tena palepale, kurasa za nyuma tu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba binti huyu alikuwa na kiunzi chake mwenyewe, nacho hakikuwa cha ovyo. Alikuwa amepiga mistari ya safu sita: tarehe; kitabu; nilikipataje; ukurasa nilioishia; neno jipya; aliyenikatiza. Safu ya mwisho ndiyo iliyonichekesha kwanza na kunifikirisha baadaye. "Mteja wa suruali." "Mvua." "Mtu wa ushuru." "Usingizi." Msomaji yeyote mkweli anajua kwamba kitabu hakisomwi kwa mfululizo kama tunavyokihakiki. Kinasomwa vipande vipande, na mahali kinapokatikia hubaki na alama yake akilini. Sijapata kuona daftari la darasani linalokiri jambo hilo.

Tuchukue Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Inamhusu Rashidi, mtoto wa kuli ambaye naye anakuwa kuli katika bandari ya Unguja, na inaelekea kwenye mgomo wa mwaka 1948. Sote tunaifundisha, na sote tunasema ni riwaya ya matabaka. Binti huyu aliisoma kwa siku kumi na saba, na katika safu ya "aliyenikatiza" neno lililorudi mara nyingi kuliko yote ni "mpagazi". Walikuwa wakipita mbele yake na marobota yao huku akisoma habari za makuli. Siku ya nne alijiuliza, katika safu ya neno jipya, ikiwa neno la Kiganda "bapakasi" na neno "wapagazi" ni ndugu. Hilo ni swali zuri la isimu linganishi na nilipaswa kulipigia mstari kwa furaha. Siku ya tisa alifanya jambo ambalo mwongozo hauwezi kulifanya: aliwauliza bapakasi watatu wanalipwaje. Walimwambia wanalipwa kwa robota, na kwamba robota likianguka matopeni hasara ni yao.

Kutokana na hayo aliandika hoja ambayo mimi, baada ya miaka mingi ya kuifundisha riwaya hii, sikuwahi kuifikiria. Kwa maneno yangu ni hivi: mgomo wa makuli unawezekana kwa sababu makuli wote wanajua nani anawalipa. Wako bandarini, mwajiri anajulikana, na kazi ikisimama kwake inasimama yote. Huku Owino mpagazi mmoja huajiriwa asubuhi na mwenye duka la viatu na mchana na mama wa mashuka. Agome dhidi ya nani? Kwa hiyo, anasema, umaskini unaofanana hautoshi kuleta umoja, na Rashidi angezaliwa Owino riwaya isingekuwa na sura ya mwisho. Hapo mwanafunzi amegusa msingi wa ujenzi wa riwaya, jinsi mandhari inavyowezesha msuko, na hakutumia neno mandhari wala neno msuko. Kwa sababu hakuyatumia, sikumpa alama ya mandhari wala ya msuko.

Alikuwa na lawama pia kwa Rashidi. Aliona kwamba kuanzia mahali fulani kijana yule "anaanza kusema kama kitabu". Mtu anaweza kubishana naye. Binafsi nadhani ukali huo unamhusu zaidi Rashidi wa nusu ya pili kuliko yule wa utotoni, ambaye ameumbwa kwa huruma kubwa. Ila ni kweli kwamba riwaya za Kiswahili za miaka ile ya 1970 mara nyingi humwamsha shujaa kwa hotuba, na msomaji aliyezungukwa na wapagazi wa kweli atakuwa wa kwanza kuhisi kwamba hotuba imezidi.

Ingizo jingine lenye uzito ni la Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Safu ya "nilikipataje" inaeleza kwamba kitabu kilikuwa katika furushi la vitabu chakavu, kikiwa na muhuri wa shule ya Kenya na jina la msichana aliyekimiliki, na kwamba msichana huyo alikuwa amepiga mstari chini ya kila methali na kila tashbihi. Riwaya hii ilitahiniwa Kenya kwa miaka, kwa hiyo si ajabu. Lakini binti yetu anaandika kwamba alisoma vitabu viwili kwa pamoja: cha Walibora, na cha yule msichana aliyekuwa akiwinda methali na huenda hakuwa na nafasi ya kulia. Yeye alilia. Kisha akakasirikia wingi wa bahati njema kuelekea mwisho. Na mwishowe akaandika swali ambalo ningependa kila mwalimu wa fasihi Uganda alisikie. Shujaa, Kongowea, yatima wa Tanga, anamtafuta baba yake hadi Kitale. Kitale iko chini ya mlima Elgon, na upande wa pili wa mlima ni kwetu. "Mbona hakuvuka?" anauliza. "Riwaya nilizosoma zinafika Kitale halafu zinageuka."

Swali hilo lina historia ndefu nyuma yake. Hapa kwetu Kiswahili kilikuja kwa wengi kikiwa lugha ya kambi ya jeshi, tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilipokitangaza kuwa lugha ya taifa, ilizidi kukitia doa machoni pa waliotendewa mabaya kwa lugha hiyo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2020 ukakifanya somo la lazima katika madarasa ya mwanzo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wanatakiwa kwa maelfu, na wengine watatoka katika madarasa yetu. Katika daftari la Owino kuna ingizo la Juni ambapo aliyekatiza ni mzee wa kibanda cha jirani. Alimuuliza binti kwa nini anasoma "olulimi" la wanajeshi. Binti hakuandika alimjibu nini. Aliandika tu kwamba siku hiyo hakurudi kitabuni.

Nimefika kwenye Nagona. Riwaya hii fupi ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, imewatoa jasho wahakiki wakubwa. Binti aliijaribu mara mbili, mara zote akaishia ukurasa uleule, na akaandika: "Sielewi. Si Kiswahili kinachonishinda, maneno nayajua yote." Mimi niliandika pembeni "Hujamaliza" na kumpa sifuri. Hebu msomaji aisome tena sentensi ile ya mwanafunzi. Ni maelezo sahihi kabisa ya ugumu wa Kezilahabi wa mwisho, tofauti na ule wa Rosa Mistika au Kichwamaji: kwamba msamiati ni mwepesi na sentensi ni fupi, lakini vitu havishikani kwa kanuni tulizozizoea. Wale waliojaza visanduku sita vya Nagona hawakusema popote kwamba ni kitabu kigumu. Kwa mujibu wa madaftari yao, ni kitabu chenye dhamira nne na ujumbe mmoja.

Nisije nikadhaniwa kwamba namsifu tu ili kujiosha. Daftari lina kasoro, na nyingine ni kubwa. Ushairi haumo kabisa. Mwaka mzima wa kusoma Kiswahili bila beti moja ni njaa ya kujitakia. Tamthilia ni moja tu. Majina ya wachapishaji na miaka ya matoleo hayakuandikwa, na mwanafunzi wa chuo kikuu hana udhuru wa kuyaacha. Maingizo ya Agosti yana neno "nzuri" mfululizo bila sababu yoyote, nadhani kwa kuwa msimu wa wateja ulikuwa umepamba moto. Utengano ya Said Ahmed Mohamed aliitupa kwa mstari mmoja, akisema Maimuna hakupewa nafasi. Hapo alikosea kwa haraka. Mwandishi anajua vizuri sana kwamba Maimuna hakupewa nafasi. Nyumba ya Bwana Maksuudi imeelezwa kama jela tangu awali ili tulijue hilo kabla yake mwenyewe hajalijua. Hasira ya msomaji ilikuwa halali, ila aliielekeza kwa mtu asiyehusika.

Desturi ya kuandika ulichosoma si ngeni duniani. Charles Darwin aliweka madaftari ya vitabu alivyosoma na alivyokusudia kusoma tangu 1838 hadi 1860. Mwanamuziki Art Garfunkel wa Marekani ameorodhesha kila kitabu alichomaliza tangu 1968. Orodha yake ni ndefu na bubu, maana ina majina na tarehe bila neno la ziada. Mwingereza Nick Hornby, alipoanza safu yake katika jarida la The Believer mwaka 2003, aliweka orodha mbili kila mwezi: vitabu alivyonunua na vitabu alivyosoma, na utamu wote ulikuwa katika pengo lililo baina ya orodha hizo. Mwaka 2012 Ann Morgan alijipa kazi ya kusoma kitabu kimoja kutoka kila nchi duniani katika mwaka mmoja, na kwa baadhi ya nchi ilibidi watu wamtafsirie au wamwandikie kwa sababu kwa Kiingereza hapakuwa na kitu. Mimi naona kumbukumbu ya Hornby na ya Morgan zina faida kuliko ya Garfunkel, kwa sababu zinaonyesha kisichokuwapo. Daftari la Owino nalo ni la aina hiyo.

Kwa hiyo Januari 2024 nilianza langu. Nilitumia safu zilezile sita, nikaongeza ya saba: lugha. Desemba nilihesabu. Nilikuwa nimesoma vitabu 34. Vya Kiswahili vilikuwa 7. Kati ya hivyo, 5 ni vile ninavyovifundisha kila mwaka, ambavyo kwa kweli sikuvisoma bali nilivipitia nikitafuta mistari niliyokwisha kuipigia alama, kama yule msichana wa Kenya. Vipya vilikuwa 2: diwani moja, na Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Peponi niliisoma kwa siku nne, nikakatizwa mara chache, na nilipofika pale Yusuf anapoanza kuelewa kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake, nilikumbuka kidole cha yule mama kikipita juu ya majina. Vitabu viwili vipya kwa mwaka, na mimi ni mwalimu wa lugha hii.

Mjini humuhumu, Juni 1962, waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere katika kongamano lililowahusu wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi hapo, alikumbusha katika Decolonising the Mind (1986) kwamba yeye mwenye hadithi fupi chache alistahili kualikwa, ilhali Shaaban Robert mwenye vitabu vyake vyote hakustahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo. Kisa hiki hukisimulia darasani kila mwaka kwa uchungu. Daftari langu limenionyesha kwamba katika kabati langu kongamano lile halijafungwa.

Nilipoyaleta haya katika kikao cha idara, mwenzangu mmoja, ambaye ninamheshimu, alipinga. Alisema tukiondoa muhtasari hatutakuwa na njia ya kujua nani amesoma. Kwamba mwanafunzi mvivu ataandika "nimeachia ukurasa wa 10" kwa vitabu ishirini na kudai alama za ukweli. Hoja hiyo ina nguvu na sikuwa na jibu kamili. Nilichosema ni kwamba hata sasa hatujui nani amesoma, na kwamba uongo wa kurasa kumi ni mgumu kuutunga kuliko muhtasari wa kunakili, kwa sababu utalazimika kutunga pia neno jipya na aliyekukatiza. Tumekubaliana kujaribu kwa mwaka mmoja. Muhtasari utabaki kwa vitabu viwili tu ambavyo mwanafunzi atavichagua. Kwa vingine tutatumia safu za Owino, na kitabu kilichoachwa njiani kitapata alama endapo sababu ya kuachwa imeelezwa.

Alama 9 za binti yule hazikubadilika, kwa kuwa matokeo yalikuwa yamekwisha kuidhinishwa. Sasa yuko mazoezini katika shule ya sekondari nje ya Kampala. Majuzi alinitumia ujumbe kwamba ameirudia Nagona kwa mara ya tatu na amevuka ule ukurasa, ila bado haelewi.

Wanafunzi watakaoanza kumbukumbu zao muhula ujao wanaweza kuja ofisini kwangu kuona nakala ya daftari hilo. Nimetoa nakala ya kurasa za nyuma pekee. Za mbele ni za mama yake.